Bumu linahesabu tumbo, kichwa je?



Najua nimekuwa kimya. Nilikuwa likizo nyumbani Ikuti, huko kwetu Rungwe, ambako mvua hainyeshi, inahamia. Nimekula mbalaga mpaka nimechoka. Sasa nimerudi mjini na kuna jambo linanikaba, acha niliseme kabla mhariri hajaniita.

Mwaka 2023 fedha ya chakula na malazi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Wadogo zetu walishangilia, na walikuwa na haki. Bodi ya Mikopo, tangu ilipoanza kazi mwaka 2005, imeupanga mkopo kwa mafungu: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti, mahitaji maalumu ya kitivo. Pale Mlimani mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni ya watu 3,840 yaliyojengwa kwa shilingi bilioni 10. Bima ya afya, enzi zetu, tulilipa 50,400 kwa mwaka. Kwa hiyo tumbo lina fungu, mgongo una kitanda, malaria ina kadi. Sasa tafuta kwenye orodha hiyo fungu la mtu ambaye haumwi malaria ila hajalala siku tisa.

Chuoni kwangu (sikitaji) kulikuwa na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Jina zuri sana. Nilikwenda pale mara nne kwa miaka mitatu: mara mbili kuhusu chumba, mara moja kitambulisho, mara moja saini ya fomu za mkopo. Foleni ilikuwa inaanzia ngazini. Wale kina mama wa ofisini walikuwa watu wema, lakini mwenye jambo zito kifuani angelisemaje mbele ya foleni ile? Alikuwepo pia mshauri nasaha aliyeisomea kazi hiyo, mmoja kwa chuo kizima. Mimi nilimfahamu wiki ya mwisho kabisa, nikizungusha fomu ya kuondoka chuoni. Ilitakiwa asaini.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kijana mmoja wa jirani zetu Ikuti. Yuko mwaka wa pili, au niseme alikuwa. Hajadisko. Matokeo yake ya mwaka wa kwanza nimeyaona, yalikuwa mazuri kuliko yangu. Alirudi na begi katikati ya muhula, akaingia chumbani, na sasa anatoka giza likishaingia. Mama yake alinikalisha jikoni akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulikaa huko miaka mitatu. Hicho chuo kina nini?" Mtaani majibu yapo tele: karogwa, vitabu vimempanda kichwani, kaonja bangi. Hakuna hata mmoja aliyesema anaumwa.

Siku mbili kabla sijaondoka alinifungulia mlango. Tuliongea mpira zaidi kuliko kitu kingine. Mwishoni akaniuliza, mtu akitaka kuahirisha mwaka kwa ugonjwa, ile barua ya daktari inaandikwaje, maana hataki neno "kichaa" lisomwe na ofisi nzima. Nilimweleza ninachojua. Kaka yake atampeleka hospitali ya rufaa Mbeya, nauli ipo kwa mama.

Sisi tunaotoka vijijini tunafika chuoni tukiwa ndio mradi wa ukoo. Ng'ombe wa maziwa ameuzwa, kanisani umeombewa, mjomba amekununulia viatu. Halafu unafika unalala wawili kitanda kimoja (kubebana, wenyewe mnajua), bumu linachelewa, sapu mbili zinakusubiri, na mdogo wako anapiga simu anataka hela ya daftari. Unatuma. Kumwambia mama kwamba hulali, utaanzia wapi?

Kuna mzee mmoja kazini huniambia wao walisoma kwa taabu na hawakuwa na mambo ya ushauri nasaha. Shikamoo mzee wangu. Ila wewe ulisoma kabla ya miaka ya 1990, kabla ya sera ya kuchangia gharama, serikali ikikulisha na kukulaza, na ajira ikikusubiri mlangoni. Na wenzako waliorudi kwao na begi, nani aliwahesabu?

Sasa tupige hesabu. Chuo cha wanafunzi 10,000, kila mmoja atengewe shilingi 5,000 kwa mwaka. Hiyo ni nusu ya siku moja ya bumu. Zinapatikana milioni 50. Tuseme mshauri nasaha analipwa milioni moja kwa mwezi: wanne ni milioni 48, na chenji ya kununua viti inabaki. Isiongezwe kwenye mkopo, tafadhali. Mimi nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na sioni kwa nini mtoto wa mkulima alipe deni la usingizi aliokosa. Itoke kwenye bajeti ya chuo na ya wizara, ipewe mstari wake peke yake. Ikichanganywa na "huduma kwa wanafunzi" itaishia kwenye jezi.

Mtasema wataalamu ni wachache. Ni kweli, na Zimbabwe walikuwa nao wachache vilevile. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 pale Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kulitatua tatizo moja kwanza, wakakaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watu 573, na waliopita kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Chuoni bibi hawapo, lakini mwaka wa tatu wapo, na wanafundishika. Wanachohitaji ni mtaalamu wa kuwasimamia na chumba chenye mlango unaofungwa, na hapo ndipo zile milioni 50 zinapohitajika.

Bunge la bajeti huanza Dodoma mwezi Aprili. Hotuba ya Wizara ya Elimu nitaisoma ukurasa kwa ukurasa nikiutafuta huo mstari. Nikiukuta nitawaandikia, nikiukosa pia nitawaandikia.