Mtoto Aliyeuliza Akajibiwa kwa Pua

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wazazi wengi huuchukua usemi huu kwa upande wa adabu peke yake. Lakini liko somo jingine ambalo mtoto hulihitaji sawasawa na adabu, nalo ni kujua yeye ni nani. Nyumba ikilinyamazia somo hilo, mtaa utalifundisha, na mtaa haufundishi kwa upole.

Ushahidi umo katika riwaya ya Gaël Faye iitwayo Petit Pays, yaani Nchi Ndogo, iliyotoka Ufaransa mwaka 2016 na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari. Mwandishi huyo alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake Mfaransa na mama yake Mnyarwanda, akahamia Ufaransa mwaka 1995 vita vilipopamba moto. Kisa chake ni cha kubuni, lakini mji na nyakati zake ni za kweli.

Gabriel ni mtoto wa miaka kumi hivi, akaaye Kinanira, mtaa wa wenye nafasi mjini Bujumbura. Yeye na rafiki zake huiba maembe na kuogelea, na dunia yao yote ni barabara moja fupi. Siku moja anamwuliza baba yake kwa nini Wahutu na Watutsi wanapigana. Je, hawana nchi moja, lugha moja na Mungu mmoja? Baba anakiri kwamba vyote hivyo wanavyo. Basi sababu ni nini? Baba anajibu kuwa pua zao hazifanani. Tangu hapo Gabriel na mdogo wake Ana wakifika mjini huwatazama wapita njia na kunong'onezana nani ni nani. Mzaha wa mzazi umekuwa mchezo wa watoto.

Jibu hilo halikuzaliwa katika nyumba ile. Wabelgiji walipozitawala Rwanda na Burundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wazungu walipima vimo, vichwa na pua za wenyeji, wakawapanga watu kana kwamba wanapanga mifugo. Huko Rwanda, katika miaka ya 1930, kabila la mtu liliandikwa katika kitambulisho chake. Nchi zote mbili zilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na bendera ya mkoloni ikateremshwa. Lakini kipimo chake kilibaki vinywani mwa watu, kikarithiwa mezani wakati wa chakula.

Mama wa Gabriel ni mkimbizi kutoka Rwanda. Bibi mzaa mama humlaumu kwa kutowafundisha watoto Kinyarwanda, lugha ambayo ingewalindia asili yao ugenini. Mama hajali, machoni pake watoto hao ni Wazungu, ingawa ngozi zao zimekoza kidogo. Asihukumiwe upesi. Aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya asili yake aweza kudhani kwamba kumficha mtoto asili hiyo ni kumwokoa.

Lakini hakuokoka. Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi mwezi Juni mwaka huo, aliuawa, na Burundi ikaingia vitani. Mwezi Aprili 1994 yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, nayo yakawamaliza jamaa za mama huyo na kumvuruga akili. Barabara ile fupi ikapata vijana wenye silaha, nao wakamtaka kila mtoto achague upande. Gabriel, ambaye hakutaka kuwa wa upande wowote, akalazimishwa kuwasha moto uliomwua mtu. Hivyo ndivyo mtaa ulivyomjibu swali alilomwuliza baba yake.

Nyumba ya askari, iwe ya jeshi au ya polisi, ina haja kubwa ya kulitafakari jambo hili. Baba hupewa uhamisho, mama hufunga mizigo, na watoto hukulia kambini, mlango kwa mlango na watoto wa makabila mengine. Hiyo ni neema kubwa, mradi mtoto ajue atokako. Afundishwe lugha ya babu zake, ajue majina yao na kazi walizofanya. Kisha afundishwe kwamba mtoto wa jirani naye ana babu zake, na kwamba hapana kipimo cha pua wala cha kimo kiwezacho kusema nani ni mtu zaidi.

Na mtoto aulizapo swali gumu wakati wa chakula, mzazi aweke kijiko chini na kumjibu kwa kweli. Mzaha uliosemwa ili kumnyamazisha leo, kesho ataukuta kwa mtu mwingine asiyetania.