Siku Mbili Lisbon kwa Tramu, na Posa Iliyokwama Tanga

Kuna wapenzi wanaoenda Lisbon kupiga picha za kuposti. Hawa wawili walienda kumaliza ugomvi.

Mdada ni wa Tanga, jamaa ni wa Moshi, wote wanapambana na maisha Ujerumani. Miaka mitatu ya mapenzi, hakuna shida. Shida ilianza wazee wa jamaa walipopeleka posa. Baba wa binti aliwakaribisha vizuri, akawapa chai, halafu akasema kijana asilimu kwanza. Mama wa jamaa kusikia hivyo akapiga simu usiku uleule: mwanangu amebatizwa, na hivyo ndo atakavyozikwa. Tangu siku hiyo kila maongezi yanaishia kwenye kununiana. Basi wakapata tiketi za ndege za bei chee, wakakubaliana kwamba wakirudi wawe na jibu.

Lisbon ni mji wa vilima, kutembea kwa miguu ni adhabu. Wakanunua tiketi ya saa 24 inayokubali tramu, basi na metro, maana kulipia ndani ya tramu kila safari ni kuchoma hela. Saa mbili asubuhi walikuwa Martim Moniz, inapoanzia tramu namba 28, ile ya njano yenye viti vya mbao. Wanaochelewa huwa wanakuta foleni ya watalii imezunguka kituo. Na humo ndani pochi ibebwe mbele, vidole vyepesi vipo vingi.

Tramu inapanda Graça, inashuka Alfama kwenye vichochoro vyembamba kiasi kwamba ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa nyumba ya mtu. Wakashuka Portas do Sol kuangalia mto Tejo na mapaa mekundu. Picha zikapigwa, tabasamu zikawepo, ila lile swali halikuguswa.

Likaguswa chini kidogo, kwenye kanisa kuu la Sé. Kanisa hilo lilijengwa mahali palipokuwa na msikiti, baada ya mji kutekwa kutoka kwa Waislamu mwaka 1147. Waislamu waliobaki wakasukumiwa mtaa wa Mouraria, palepale karibu na kituo walichopandia asubuhi. Mlangoni pameandikwa neno la Kireno la kanisa, igreja. Mdada, ambaye mambo ya lugha anayapenda, akamwambia wataalamu wanasema ndipo lilipotoka neno gereza.

"Umeona Mangi? Kanisa lenu ndo jela yetu," akacheka.

Jamaa hakucheka. "Kwa hiyo mimi ndo askari magereza?"

Kimya hadi Baixa.

Njaa ndo iliyowapatanisha. Mji huu unalisha. Kuna bifana, mkate wenye nyama ya nguruwe, jamaa akala mbili. Mdada akachukua dagaa wakubwa wa kuchoma, kisha kuku wa piri-piri, ambayo ni pilipili ileile ya nyumbani iliyosafiri na Wareno. Mezani mchezo ukaendelea: meza yenyewe ni Kireno, leso pia, bendera pia, mvinyo pia. Jamaa akasema kumbe hata watu waliopigana karne mbili pwani waliachiana maneno ya kutumia jikoni.

Mchana wakapanda namba 15 kwenda Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos alikozikwa Vasco da Gama, yule aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Hatua chache kutoka hapo kuna duka linalouza vitumbua vyao vya kastadi, pastéis de Belém, tangu mwaka 1837. Vinaliwa vya moto, vikinyunyiziwa mdalasini. Mdada wa Tanga akakubali kwamba kwa mapishi ya sukari hao jamaa wanaweza kidogo.

Usiku ukawa wa Bairro Alto. Baa ni ndogo, kwa hiyo watu wanatoka na glasi zao, mtaa mzima unakuwa sebule. Bia ndogo ya bomba ukiiomba unasema imperial. Jamaa akawa na yake, mdada na juisi ya chungwa, hakuna aliyemshangaa mwenzake. Na hapo mdada ndo akasema lililomkaa moyoni: "Miaka mitatu unakunywa bia yako, mimi nafunga Ramadhani yangu, na futari unanipikia wewe. Sitaki usilimu kwa ajili ya karatasi. Utakuwa unamdanganya Mungu, na mimi nitakuwa nimekufundisha."

Jamaa akauliza, sasa baba?

Jibu lilikuja kesho yake, wakiwa wamepanda tena 28 hadi mwisho wa reli. Kituo cha mwisho kinaitwa Prazeres, maana yake raha, na kilichopo pale ni makaburi. Wakacheka mpaka dereva akageuka. Kisha wakakaa kwenye benchi wakapanga: ndoa ya bomani, ambayo Sheria ya Ndoa ya 1971 inairuhusu hata kwa watu wa dini mbili. Na jamaa hatatuma tena wazee. Atapanda basi mwenyewe Moshi hadi Tanga, akae mbele ya mzee, aseme kwa mdomo wake kwamba hatabadili dini na wala hatamwomba binti yake abadili.

Mzee anaweza kumfukuza. Mama naye bado hajaambiwa. Mdada anajua kabisa kwamba harusi yake inaweza kukosa upande mmoja wa viti, na alilia kidogo kwenye ndege.

Ila tiketi ya kwenda nyumbani Desemba imeshalipiwa, za watu wawili.

Ungekuwa wewe ndo mzee wa Tanga, ungemwambiaje huyo kijana akibisha hodi?