Kariakoo na ukoo wake

Buguruni, Jumamosi 3 Juni 2023

Nimerudi Kariakoo jioni. Mtaa wa Kongo haupitiki. Vijana wanapenya na marobota ya mitumba kichwani, "Pisha, mzigo!" Mmoja kaweka ngata ya kitambaa, shingo imekaza, mishipa imemtoka, hageuki kushoto wala kulia. Nikakumbuka kwamba eneo hilo, Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, lilikuwa kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps. Watu wakalitamka kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi nako wakapata Kariokor yao.

Jumapili 4 Juni

Leo nimelifuata neno hadi kwa mababu zake. Carrier, mbebaji, linatokana na carry, kubeba. Waingereza walilipata carry kwa Wanormani waliowatawala baada ya 1066. Wanormani walilitoa kwenye Kilatini, carricare, kupakia garini. Warumi nao waliazima carrus, gari la magurudumu, kwa Wagali, wenyeji wa Ufaransa ya kale. (Gari letu halimo kwenye ukoo huu, hilo ni la Kihindi.) Corps ni la Kifaransa, na asili yake ni Kilatini corpus: mwili.

Gari na mwili. Hapo nikaacha kusoma kwa muda. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mbung'o waliwamaliza farasi, punda na maksai, na kusini mwa nchi barabara zilikuwa chache mno. Miili ya watu ikafanywa magari.

Jumatano 7 Juni

Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa. Wengi walichukuliwa vijijini kwa nguvu. Sanamu ya Askari pale Posta, ya mwaka 1927, inamwonyesha mwenye bunduki; mpagazi ametajwa kwenye maandishi tu. Lakini makonda wa hapa Buguruni wanamtaja tangu alfajiri: "Kariakoo! Kariakoo!" Kwangu mimi hiyo ndiyo kumbukumbu kubwa kuliko ile ya shaba, kwa kuwa wananchi wenyewe ndio wameitunza kinywani zaidi ya miaka mia moja.

Wiki ijayo nawafundisha kidato cha pili ukoo huu wote, toka gari la Wagali hadi ngata ya mpagazi. Jina wanalo tayari. Wanastahili kuwajua na wenyewe waliobebeshwa vita isiyo yao.