Nyumba Ijue Kuwa Unasoma



Kila unapokaribia mwezi wa nane, na tena baada ya mwaka mpya, simu yetu hapa Houston huanza kuita. Anayepiga ni ndugu au rafiki aliyechoka kubeba boksi, amesikia kwamba siku hizi mtu anaweza kusoma chuo bila kutoka nyumbani kwake, na swali lake ni moja: "Eti kozi za mtandaoni ni rahisi?" Tumelijibu swali hilo mara nyingi, hata tukaona afadhali tuliandike hapa, ili atakayeuliza tena tumwambie akalisome jarida. Jibu lenyewe si tamu sana, maana linaanza na sisi kufeli.

Sisi ni mume na mke, watu wa Tanga, na tuna watoto wawili. Mama wa nyumba anafanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Baba wa nyumba yuko ghalani, ambako boksi hubebwa kwelikweli. Mwaka 2021 tuliamua kwamba miaka inatupita. Mama alitaka uuguzi, baba alitaka uhasibu. Chuo cha hapa jirani kilikuwa na kozi za mtandaoni, na tangazo lake lilisema mwanafunzi anasoma kwa wakati wake. Maneno hayo yalituingia kama maji ya kisima siku ya jua kali. Kwa wakati wetu! Tukajiandikisha wote wawili siku moja, mama saikolojia, ambayo huwezi kuingia uuguzi bila kuipita, na baba takwimu. Kwa kuwa tulikuwa na haraka, tukachagua zile za wiki 8 badala ya muhula mzima.

Hapo ndipo tulipokosea hesabu, na mmoja wetu alikuwa anakwenda kusoma uhasibu. Hapa Marekani utaratibu wa vyuo ni kwamba kila kipimo kimoja cha masomo kinahesabiwa saa moja ya darasa na saa mbili za kusoma mwenyewe kwa wiki, kwa muhula wa wiki kama 15. Kozi ya kawaida ina vipimo vitatu, kwa hiyo ni saa 9 kwa wiki. Ukiibana kozi hiyohiyo ndani ya wiki 8, masomo hayapungui hata ukurasa mmoja. Zile saa 9 zinakuwa kama 17. Nasi tulikuwa wawili, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa imeahidi saa 34 kila wiki, juu ya kazi mbili, watoto, jiko na safari za shule. Saa hizo hatukuwa nazo, na hakuna aliyetuficha. Hatukuuliza tu.

Tulisoma wapi? Popote. Mama alisoma ndani ya gari kabla ya zamu, simu mkononi. Baba alisoma kwenye meza ya kulia chakula, mtoto mmoja akifanya hesabu zake upande wa pili na runinga ikiwaka. Tulisoma lini? Kazi nyingine zote zikiisha, na kama mnavyojua wenyewe, huku majuu kazi nyingine zote haziishi.

Wiki ya tatu baba alikuwa na jaribio la kutumwa Jumanne saa 12:00 a.m., ndivyo ilivyoandikwa. Jumatatu alitoka ghalani akalala, akijua ana Jumanne nzima mpaka usiku. Jumanne jioni akafungua laptopu, akakuta jaribio limefungwa. Ile saa sita ilikuwa ya usiku wa kuamkia Jumanne, nayo ilikwishapita wakati yeye yuko usingizini. Kinachouma ni kwamba Kiswahili chetu kina maneno ya kulisema jambo hilo bila utata. "Usiku wa kuamkia Jumanne" hata mtoto hawezi kuuchanganya na usiku wa Jumanne wenyewe. Ila hatukuwa tumeikalia ile ratiba tukaitafsiri katika lugha tunayohesabia siku zetu. Alama za jaribio zikapotea.

Kisha ikaja harusi. Mwezi wa kumi kulikuwa na harusi ya watu wetu, na sisi sote tulikuwa kwenye kamati. Ndugu msomaji anajua kamati ya harusi ni nini: vikao vya simu mpaka saa sita usiku, michango ya kufuatilia, sare za kugawa, ukumbi wa kwenda kuuona. Hatukumwambia mtu yeyote kwamba tunasoma. Tuliona haya. Watu wazima, mmoja ana miaka 41, tunaanza darasa la mwanzo pamoja na vijana wa miaka 18! Tukasema tutatangaza siku ya kuhitimu.

Matokeo yakawa haya. Baba alipata F. Mama alijitoa kwenye kozi, lakini alijitoa baada ya tarehe ya kurudishiwa ada kupita, kwa hiyo fedha zikaenda na kwenye rekodi ikabaki W. Tulidhani W haina madhara. Ikaja barua ya ofisi ya misaada ya wanafunzi. Kumbe anayesoma kwa msaada wa serikali hutakiwa kwa kawaida kumaliza kama asilimia 67 ya vipimo vyote alivyoanza, na kilichoachwa njiani kinahesabiwa kuwa kilianzwa. Sisi wote wawili tulikuwa na asilimia sifuri. Tukapewa onyo: muhula mmoja wa kujirekebisha, la sivyo msaada unakatwa.

Usiku ule tuligombana. Hatutaandika yote yaliyosemwa, itoshe kwamba kila mmoja alimwona mwenzake ndiye sababu. "Baba watoto, wewe ungelala saa chache zaidi ungekufa?" "Na wewe mama watoto, nani aliyekutuma kuchukua uweka hazina wa kamati?" Tukakubaliana jambo moja tu, kwamba kusoma si fungu letu.

Siku chache baadaye mama yetu wa Tanga akapiga simu. Kwake ilikuwa alfajiri, kwetu saa tatu usiku. Tukamweleza, tukitegemea pole. Pole alitupa, kisha akanyamaza kidogo, akasema:

"Wanangu, baba yenu alisoma kwa posta. Mnakumbuka?"

Tulikumbuka kwa mbali. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa ikitoa masomo kwa njia ya posta, na marehemu baba alikuwa akipokea bahasha za kaki na kurudisha majibu yake kwa stempu.

"Ikishasaliwa Isha, taa ni yake na meza ni yake," mama akaendelea. "Mtoto hakohoi pale sebuleni. Mgeni akija namwambia baba anasoma, njoo kesho, na hakuna aliyekasirika. Mtaa mzima ulijua. Sasa nyinyi, kila ninapopiga simu mnapokea. Mnasoma saa ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Baba yule alisubiri wiki nyingi kupata masahihisho ya zoezi moja, na sisi majibu yanarudi kwa dakika. Kila chombo tulikuwa nacho kuliko yeye. Alichokuwa nacho yeye, ambacho sisi hatukukiandaa, ni mahali pake, saa yake, na nyumba inayojua kwamba anasoma. Darasa la kuta nne humpa mwanafunzi vitu hivyo bila yeye kuomba. Kengele inalia, mlango unafungwa, na anayekutafuta anaambiwa uko shuleni. Kozi ya mtandaoni haikupi hata kimoja. Lazima uvijenge mwenyewe kabla ya siku ya kwanza.

Basi tulianza upya, na haya ndiyo tuliyoyafanya. Kwanza, tulisoma kwa zamu. Muhula wa kwanza baba peke yake, kozi moja tu, ileile ya takwimu, tena ya muhula mzima. Mama alisubiri, na kusubiri kulimuuma, lakini muhula uliofuata saa zile zilikuwa zake na baba ndiye aliyepika.

Pili, tulimwandikia mwalimu kabla ya muhula kuanza, tukaomba silabasi. Aliituma siku ya pili. Tukaichukua kalenda ya ukutani, tukaandika kila tarehe kwa Kiswahili, na kila mwisho wa kutuma kazi tukaurudisha nyuma siku moja. Tukaizungushia wino mwekundu tarehe ya mwisho ya kurudishiwa ada, na ile ya mwisho ya kujitoa, maana hizo ni mbili tofauti.

Tatu, tulitoa nguo katika kabati moja la ukutani chumbani, tukaingiza meza ndogo na taa. Si ofisi ya waziri, lakini mtu akiwa mle anasoma. Jumamosi asubuhi tulikwenda maktaba ya umma, ambako mtandao ni wa bure na hakuna sufuria ya kukuita. Tulijaribu pia kamera na maikrofoni wiki moja kabla ya mtihani, kwa kuwa mitihani mingine husimamiwa kwa kamera, nayo inataka kitambulisho, meza tupu na chumba kisicho na mtu mwingine.

Nne, usiku tulielezana sura ya kitabu kwa Kiswahili. Kiingereza chetu cha kazini kinatosha kumhudumia mgonjwa na kujibu msimamizi, ila cha kitabuni ni kingine. Baba aliposhindwa kumweleza mama tofauti ya wastani na mkengeuko wastani, tulijua hajaielewa, hata kama alipata jibu sahihi.

Tano, na ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, tuliwaambia watu. Tulipiga simu kwa jamaa, tukasema kwamba Jumatatu hadi Alhamisi, saa mbili mpaka saa nne usiku, hatupokei simu isipokuwa ya msiba au hospitali. Kamati iliyofuata tukatoa mchango wetu, tukaomba radhi kwa vikao. Wengi walitutakia heri. Rafiki mmoja wa siku nyingi alisema, "Siku hizi nyinyi mmekuwa watu wa kisomo," na hakutupigia tena. Tulipokwenda kumwona sikukuu ya Idi alitupokea vizuri, lakini haijarudi kama zamani. Hatuwezi kuwaficha kwamba elimu hii ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye karatasi ya ada.

Baba aliirudia takwimu akapata B. Mama alipita saikolojia, kisha masomo mengine ya kutangulia moja baada ya jingine, na sasa yuko ndani ya uuguzi wenyewe, ambako mafunzo ya wodini hayafanyiki kwa mtandao. Uhasibu wa baba unakwenda polepole. Hatuna haraka tena.

Kwa wanaouliza, tuongeze mawili. Kabla hujalipa, hakikisha chuo kina ithibati inayotambulika. Wizara ya Elimu ya Marekani ina orodha iliyo wazi kwa kila mtu, na cheti cha chuo kisicho na ithibati ni karatasi tu. Na wewe uliye hapa kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, kumbuka kwamba kwa kila muhula ni kozi moja tu ya mtandaoni, au vipimo vitatu, inayohesabiwa katika masomo yako ya kutwa. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kujiandikisha, usije ukahatarisha viza kwa kutafuta wepesi.

Mama wa Tanga bado anapiga simu. Lakini siku hizi anapiga Ijumaa, na mjukuu wake akipokea siku nyingine kwa bahati mbaya, bibi humuuliza kwanza, "Kuna anayesoma?" Akiambiwa yupo, hukata.

Tunawatakia muhula mwema.