Mjomba Hahesabiwi

Nilipoijua Jumeirah Village Circle ya Dubai, JVC kwa kifupi, ilikuwa mchanga tu na majumba machache yaliyokwama katikati ya ujenzi. Kampuni ya Nakheel iliutangaza mradi huo mwaka 2005, kijiji cha nyumba za chini na bustani, lakini msukosuko wa fedha wa 2008 ukaukuta haujasimama sawasawa. Kwa miaka kadhaa barabara zake za mviringo zilizunguka viwanja vitupu. Leo minara imebanana mpaka kivuli cha jengo kinalala juu ya jengo jingine, na asubuhi magari yanagombania njia ya kutokea Al Khail Road. Jioni, nje ya Circle Mall, utakisikia Kiswahili cha Unguja, cha Tanga, cha Mombasa, na Sheng ya vijana wa Nairobi waliokuja kuuza nyumba ambazo wao wenyewe hawawezi kuzipanga. Wenzetu wengi wanaishi kwa bedspesi: kitanda cha kupanga ndani ya chumba cha watu wanne au sita, na pazia la kufichia usingizi.

Sisi wa zamani tulianzia Deira, vichochoro vya Naif, karibu na maduka ya jumla walikonunua wafanyabiashara wa Zanzibar na Dar es Salaam. Siku hizo sheria ya dawa za kulevya ya nchi hii, ile ya mwaka 1995, haikuwa na mzaha. Kutumia tu, hata kama hukuuza wala hukumpa mtu, kifungo hakikupungua miaka minne, na mgeni akimaliza anarudishwa kwao. Mwaka 2008 Mwingereza mmoja alihukumiwa miaka hiyo hiyo minne kwa chembe ya bangi ya gramu 0.003 iliyokutwa kwenye soli ya kiatu chake uwanja wa ndege wa Dubai. Baadaye alisamehewa akaachiwa, lakini mwaka ule hapakuwa na Mswahili aliyepita uwanjani asikung'ute viatu. Kaka zetu wa Mombasa, waliozoea miraa kama wengine walivyozoea kahawa, walikuwa wakipekua mifuko ya makoti yao mara mbili kabla ya safari, maana huku miraa ni kosa pia.

Kinachoniuma nikikumbuka miaka hiyo ni jambo lililokuwa likifanywa nyumbani kwa nia njema kabisa. Kijana akishaingia kwenye unga, ukoo unakaa kikao. Maskani imemharibu, marafiki wamemharibu, basi atolewe hapo. Na pa kumpeleka palijulikana: Arabuni. Kule hakuna unga, kule kuna sheria, kule atafunga swaumu na kuswali na kufanya kazi, atapona. Mjomba aliyeko Deira anapigiwa simu, viza inatafutwa, kijana anapandishwa ndege na arosto yake mwilini, anatetemeka, anatoka kamasi na mifupa inamuuma, huku mama akimwombea dua. Alikuwa anatolewa kwenye nchi ambako angepigwa na polisi jamii na kupelekwa kwenye nchi ambako angefungwa miaka minne. Wapo waliopona kweli. Kubadilisha mazingira si upuuzi. Lakini mwili uliozoea heroini hauulizi uko mji gani, na mjini hapa kama popote pengine, anayetafuta hupata.

Mmoja wa vijana hao nilimfahamu vizuri. Alitoka Ng'ambo, Unguja, akapata kazi ya kufunga mizigo kwenye ofisi ya kago, mchapakazi na mcheshi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata makarani wa Kihindi wakimpa yeye kuandika majina kwenye mabokisi. Siku alipokamatwa, hakuna aliyesema kakamatwa. Tulisema kasafiri. Sanduku lake lilifungwa kamba likapelekwa na jahazi, na baraza letu la jioni likajaza nafasi yake na mtu mwingine. Mama yake alipopiga simu aliambiwa yuko sehemu za mbali, mtandao haushiki. Alirudishwa Unguja baada ya kumaliza kifungo, na jela haikuwa imemtibu kitu.

Na sheria ile ile ya 1995, kwa ukali wake wote, ilikuwa na kifungu cha 43. Kilisema kwamba mtumiaji akijipeleka mwenyewe kwenye kituo cha tiba au kwa waendesha mashtaka, kuomba kutibiwa, hafunguliwi kesi. Mlango ulikuwepo muda wote tulipokuwa tukifunga kamba masanduku ya watu. Sidhani kama ungetumika hata tungeambiwa, kwani nani kati yetu, mwenye iqama, kibali cha ukaazi, iliyoning'inia kwa tajiri wake, angekwenda mbele ya serikali akasema, mimi mla unga, nisaidieni? Kwetu tulikotoka serikali na teja walikutana kwa njia moja tu, na ilikuwa na rungu.

Nyumbani huko kukabadilika, polepole, tena kwa namna ambayo sisi tulio mbali hatukuitarajia. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadone, kliniki ya kwanza ya aina hiyo ya serikali katika bara letu kusini mwa Sahara, ukiacha visiwa. Mtu anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, na dawa inamshikilia karibu siku nzima: arosto haimpati, haendi kuiba simu, anaweza kukaa na watoto wake. Kenya ikafuata, Mathari na Malindi, na mwaka 2015 Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo jina lake peke yake Unguja lilikuwa tusi, ikaanza kuwahudumia watu ambao zamani tuliwaita wezi wa kuku. Soba hausi nazo zikaenea, nyingi zikiongozwa na watu waliowahi kuutumia unga wenyewe.

Lakini mikono miwili, wa tiba na wa rungu, iliendelea kufanya kazi kwa pamoja. Februari 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alisoma hadharani majina ya watuhumiwa wa dawa za kulevya na kuwaita kituo kikuu cha polisi, na watu wakashangilia. Asubuhi zile zile foleni ya dozi Muhimbili ilikuwa palepale. Mimi simwombei huruma muuzaji. Ila nchi ikisoma majina kwenye maikrofoni, yule aliyekuwa anajikongoja kwenda kliniki hugeuka nyuma.

Huku nako sheria imelegea. Mwaka 2016 kiwango cha chini kilishushwa hadi miaka miwili, na sheria mpya ya 2021, iliyoanza kutumika Januari 2022, ikasema anayekamatwa kwa mara ya kwanza kwa kutumia afungwe si chini ya miezi mitatu, au atozwe faini ya dirhamu 20,000 hadi 100,000, na mahakama inaweza kumpeleka kwenye tiba badala ya adhabu. Dubai ina kituo chake cha tiba, Erada, na Abu Dhabi ina Kituo cha Taifa cha Urekebishaji tangu 2002. Kutoka miaka minne hadi miezi mitatu si jambo dogo. Ingawa mlinzi wa mlangoni JVC anayelipwa dirhamu elfu mbili na ushei kwa mwezi akiisikia hiyo faini, atachagua miezi mitatu bila kufikiri.

Ule mlango wa kifungu cha 43 nao umepanuliwa. Sasa, kabla mtu hajakamatwa, anaweza kupelekwa na mume au mke wake, au na jamaa wa hadi daraja la pili, na kesi isifunguliwe. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Daraja la kwanza ni wazazi na watoto. La pili ni ndugu wa tumbo moja, babu na bibi, wajukuu. Mjomba ni daraja la tatu. Shangazi ni la tatu. Binamu ni la nne. Wa kitanda cha juu, anayesikia meno yakigongana saa nane za usiku na kujua vyema ni nini, hayumo kabisa.

Aliyeandika sheria aliwaza nyumba yenye baba, mama na watoto chini ya paa moja, na nchini mwake yuko sahihi. Lakini sisi tumekuja hapa kwa wajomba. Mjomba ndiye aliyetuma viza, ndiye aliyetukopesha nauli, ndiye anayeulizwa mtoto akipotea. Na huyu mjomba, na yule wa kitanda cha juu, hawana karatasi ya kumwombea mtu tiba. Wanachoweza ni kumshawishi ajipeleke kwa miguu yake, kabla ya polisi, na kumsindikiza kwa teksi hadi getini wakimwambia shuka, sisi tunakungoja hapa nje.