Chai ya Saa Nne Mkuza

Vijana wa Kibaha wanaoalikana Jumapili kwa mlo wa kati ya asubuhi na mchana, ambao wenyewe huuita branchi, hudhani kwamba wameleta jambo jipya mjini. Dhana hiyo inastahili kusahihishwa, kwa kuwa Mkuza, kando ya Barabara ya Morogoro, iliijua zamani chai ya saa nne, yaani kifungua kinywa kilichocheleweshwa kwa makusudi ili wageni wawahi.

Asili yake ilikuwa shambani. Mkulima wa Kizaramo aliyetoka alfajiri kupalilia alirudi jua likianza kuwaka, na siku za mapumziko chakula hicho cha kurejea kiligeuka karamu ndogo ya majirani. Mihogo ilimenywa, ikapasuliwa na kutolewa mzizi wa katikati, ikachemshwa kwa chumvi, kisha tui zito likamiminwa mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa na mwiko ukizungushwa taratibu lisije likakatika; pembeni zilisubiri mbaazi za nazi na chai ya iliki. Mgeni alijua kilichopikwa kabla ya kupiga hodi, kwa maana harufu ya tui na moshi wa kuni za mkorosho vilimpokea njiani.

Mlo huo ulikuwa pia kipimo cha ukubwa. Jando, mafunzo ya wavulana yaliyoambatana na tohara, na unyago, mafunzo ya wasichana, vilimtangaza mtu kuwa mkubwa, lakini utu uzima wenyewe ulithibitika pale alipoalika watu kwake, akawalisha, kisha akatoa neno kuhusu mambo ya kijiji bila kukatizwa. Aliyekula kwa wenzake miaka nenda rudi bila kualika alisikilizwa kwa adabu tu.

Mradi wa nchi za Nordiki uliozaa Shirika la Elimu Kibaha ulianza 1963 na kukabidhiwa kwa serikali 1970. Lenye uzito kuliko miaka hiyo ni kwamba shule, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima vilileta walimu na wauguzi ambao wenyeji waliweza kuwakaribisha mkekani. Siasa haikuhitaji kualikwa, kwani balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama aliyesimamia kaya zipatazo kumi, alikuwa jirani anayemega muhogo uleule, na bei ya korosho aliulizwa yeye. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, chai ilinywewa kwa sukari guru au chungu hivyohivyo, na uchungu huo ukawa ajenda.

Baadaye vikaja vyama vingi, viwanja vilivyopimwa, kuta na mageti, kisha upanuzi wa barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, na mkeka wa uani ukakunjwa.

Branchi ya leo hulipiwa kwa michango ya simu, na soseji hupigwa picha kabla hazijaonjwa. Utu uzima huzungumzwa kama orodha ya kodi ya nyumba, mikopo na maswali ya ndoa, ilhali siasa hutajwa kwa mzaha au kwa sauti ya chini, mithili ya ugomvi wa nyumba ya jirani. Ni kweli kwamba mpangaji wa chumba kimoja hana ua wa kutandika mkeka, na kwamba maneno ya mezani siku hizi huweza kurekodiwa; hata hivyo inaudhi kwamba Kibaha hiyohiyo, yenye Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iliyofunguliwa 2022 kwa ajili ya makada wa vyama sita vya ukombozi, imeliacha darasa lililokuwa bure uani.

Chakula kipo, pengine kingi kuliko zamani. Aliyekosekana ni mwenyeji. Kila mtu akishalipia sahani yake, hakuna anayewajibika kumsikiliza mwenzake hadi mwisho, na mtu aweza kufikisha miaka 40 akiwa na maoni tele juu ya nchi bila kuwahi kusuluhisha mabishano ya watu kumi.