Chama cha Thika na Mawazo Yasiyoisha

Mwambie jirani yako wa Makongeni, Thika, kwamba hupati usingizi kwa sababu ya mawazo. Atakuonea huruma ya dhati, atakukaribisha chai, na kabla hamjaagana atakuambia uache kuwaza sana. Ushauri huo unatoka moyoni, lakini haumsaidii anayepewa. Mwaka 1987, mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia tena na tena, na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, dubu huyo aliwajia zaidi kuliko alivyowajia wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Sasa weka hapo kodi ya nyumba inayodaiwa tarehe 5, karo ambayo shule imeshaikumbushia mara mbili, na mkopo wa simu wa Fuliza utakaokata mshahara kabla mwenyewe hajaugusa. Ikiwa dubu wa kubuni hafukuzwi kwa amri, haya yatafukuzwaje?

Huku Uingereza, tunakoishi wengi wetu tuliotoka Kiambu, jambo hili hushughulikiwa kwa karatasi. Tangu 2008 England ina huduma ya umma ya tiba ya mazungumzo, ambayo sasa huitwa NHS Talking Therapies, na mtu mzima anaweza kujiandikisha mwenyewe bila kupitia kwa daktari. Kwanza hujazishwa fomu. Mojawapo, GAD-7, ina maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita: umesumbuliwa na wasiwasi mara ngapi, umeshindwa mara ngapi kuuzuia, umekosa utulivu hata kuketi kukawa taabu? Kila jibu lina alama kati ya 0 na 3, na jumla haizidi 21. Baadaye anaweza kufundishwa kutenga muda wa kuwaza, mbinu ambayo Thomas Borkovec na wenzake waliichapisha mwaka 1983. Unachagua nusu saa ileile kila siku, mahali palepale, na wazo likikujia saa nyingine unaliahirisha hadi muda wake. Siku hizi washauri huongeza daftari na swali moja kwa kila wazo lililoandikwa: je, kuna ninaloweza kufanya? Kama lipo, unaandika ni lipi na utalifanya siku gani. Kama halipo, unaliacha na kushika kazi nyingine. Hakuna anayekatazwa kuwaza. Anapewa mahali pa kuwazia na mahali pa kuishia, na nguvu ya mbinu hiyo, kwa maoni yangu, imo katika hapo pa kuishia.

Hata hivyo, asije mtu akawaambia walio nyumbani kwamba Wazungu wamelimaliza tatizo hili. Lengo lililowekwa ni kwamba asilimia 75 ya wanaopelekwa kwenye huduma hiyo waanze matibabu ndani ya wiki 6, na wiki 6 ni muda mrefu mno kwa anayekesha. Zaidi ya hayo, karatasi haibishi hodi. Mkenya anayetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee anarudi kwenye chumba ambamo hakuna mtu atakayegundua kwamba hajala.

Thika na Ruiru watu wapo tele. Sensa ya 2009 iliihesabia Ruiru wakazi takriban 238,000; ile ya 2019 ikakuta karibu 490,000, wengi wao wageni waliofuata viwanda, vyuo na barabara kuu ya Thika. Wageni hao hawakukaa muda mrefu bila kujuana. Kuna saluni, kuna kibanda cha mama mboga, kuna ibada za nyumba kwa nyumba, kuna foleni ya matatu ya 145 ambapo watu wasiofahamiana huelezana matatizo ya ndoa. Tunachojivunia mbele ya Wazungu ni hiki, na tuna haki. Shida ni kwamba mazungumzo yetu huzunguka. Leo tunasema landilodi ni mbaya, kesho tunasema landilodi ni mbaya, na keshokutwa tunaongeza kisa cha landilodi mwingine. Mwaka 2002 mtafiti Amanda Rose alionyesha kwamba watoto wa shule wa Marekani waliokuwa na mazoea ya kurudiarudia matatizo yao na marafiki walikuwa na urafiki wa karibu zaidi, lakini pia wasiwasi na huzuni zaidi. Susan Nolen-Hoeksema naye alikuwa ameshawapima wanafunzi wa California kabla ya tetemeko la ardhi la Oktoba 1989. Wiki 7 baada ya tetemeko, wale waliokuwa na tabia ya kuyazungusha mawazo ndio walioonyesha dalili nyingi zaidi za sonona. Basi kuongea peke yake si dawa. Inategemea mazungumzo yanakwenda wapi.

Na hapa ndipo ninapoona tunapuuza kitu tulicho nacho. Kina mama wa Kiganjo na Kimbo wanajua kulifunga jambo, kwa sababu wanafanya hivyo kila mwezi katika chama cha akiba. Katibu anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Aliyechelewa analipa faini. Deni la mwanachama linatajwa, linajadiliwa, linapewa tarehe, linaandikwa, na kikao kinasonga kwenye ajenda inayofuata. Hakuna anayeruhusiwa kulizungumzia deni lilelile kwa saa tatu. Ule mpaka ambao England huuweka kwa daftari na nusu saa, chama kimeujua miaka yote, ila kimeutumia kwa fedha tu. Mawazo ya mwanachama yanabaki ya kunong'onezwa langoni baada ya kikao, pale ambapo hakuna katibu.

Kwamba watu wa kawaida wanaiweza kazi hii, ushahidi upo na hautoki mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 421 jijini Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao si wanasaikolojia, walifundishwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao 5: kutuliza mwili kwa pumzi, kulichagua tatizo moja linaloshughulikika, kurudia shughuli za kila siku, kutafuta msaada wa watu. Miezi 3 baadaye, mateso ya akili yalikuwa yamepungua zaidi kwa wanawake waliopitia mpango huo kuliko kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia kina nyanya wanaoketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilithibitisha kwamba benchi hilo linasaidia. Baada ya vikao, wanawake hukaribishwa katika kikundi ambamo mazungumzo huendelea huku mikono ikifuma mikoba. Mtu wa Kiambu aliyekulia kando ya mama anayesuka kiondo hahitaji kuelezwa kikao cha namna hiyo.

Nitaambiwa kwamba mawazo ya Thika ni umaskini, na umaskini hautibiwi kwa ajenda. Ni kweli kwamba ajenda hailipi kodi. Lakini anayekesha hadi saa kumi alfajiri akiihesabu kodi hiyo hailipi pia, na anafika kwenye lango la kiwanda bila nguvu za kuitafuta. Wengine watasema tumwachie Mungu. Anayesali vizuri hutaja haja yake, huikabidhi, kisha husema amina; kumkabidhi Mungu jambo hakumzuii mtu kuandika hatua yake ya Jumatatu. Pingamizi zito kuliko yote ni umbea. Siri ya ndoa ikitamkwa mbele ya wanawake 20 itafika Ngoingwa kabla ya jua kutua, na sitaki yeyote alazimishwe. Ndiyo maana napendekeza wawili wawili, kila mtu amchague wa kwake, na katibu aandike tu kwamba wamekutana. Asiyemwamini mwanachama yeyote ana mhudumu wa afya ya jamii: serikali ilizindua takriban 100,000 Septemba 2023, wakiwa na mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Ambaye halali wala hali kwa wiki kadhaa, au anafikiria kujidhuru, huyo si wa chama. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na Thika Level 5 iko palepale mjini.

Kwa hiyo makatibu wa vyama vya Makongeni, Kiganjo, Kimbo na Kihunguro, naomba hivi: kikao kijacho, baada ya hesabu za fedha, tengeni nusu saa. Kila wawili wachague wazo moja kwa kila mtu, waandike hatua moja na tarehe yake, na mwezi unaofuata muulizane imefika wapi.